Barua ya Wazi: Msinunue Kitabu Chenye Kufuli kwa Fedha za Umma

Kwa Waziri wa Elimu, Bodi ya Hakimiliki ya Kenya (KECOBO), Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya (KICD), na wachapishaji wa vitabu vya shule

Mintarafu: Vitabu vya kidijitali visivyosomeka na wasioona

Waheshimiwa,

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Pwani, na sioni. Nilianza kusoma kwa vidole utotoni. Siku hizi nasoma zaidi kwa masikio, kwa simu na tarakilishi zinazonisomea kilichoandikwa. Nina ombi moja tu, na nalitanguliza ili mwenye haraka asipate kisingizio cha kutofika mwisho: serikali isitoe hata shilingi ya umma kununua kitabu cha kidijitali kilichotiwa kufuli. Kiwe cha kiada, cha ziada au cha maktaba.

Wengi wenu mnaona, kwa hivyo huenda kufuli hilo hamjawahi kukutana nalo. Mtu aonaye akifungua kitabu cha namna hiyo huona kurasa, akasoma, akaendelea na shughuli zake. Anayezuiwa ni mimi. Programu inayonisomea huchukua maandishi yaliyo kwenye skrini na kuyageuza sauti. Mchapishaji anayeogopa kuibiwa huagiza maandishi hayo yasichukuliwe na programu nyingine yoyote: yasinakiliwe, yasichapwe, yasitoke nje ya apu ya muuzaji. Sasa programu yangu nayo ni "programu nyingine yoyote". Mashine ya kuchapa breli, yale maandishi ya nukta tunayoyasoma kwa vidole, nayo ni printa kama printa zingine, na printa zimepigwa marufuku. Mbele ya kufuli, mwizi anayetaka kunakili kitabu kizima akakiuze na mtoto wa shule ya wasioona ya Likoni anayetaka kusikiliza shairi wamewekwa kundi moja. Tofauti ni kwamba mwizi ana njia zake.

Niliwahi kununua kitabu cha isimu kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni, nikalipa kwa M-Pesa bei ileile anayolipa kila mtu. Nilipokifungua, simu ikasema: "Picha." Nikapangusa kidole kwenda ukurasa wa pili: "Picha." Kitabu chote kilikuwa picha, hadi faharasa. Nikawaandikia. Wakanijibu kwa adabu kwamba mwenye haki hakuruhusu kitabu kisomwe kwa sauti, na kwamba pesa hazirudishwi kwa kitabu kilichokwisha kufunguliwa. Ningejuaje kwamba hakisomeki bila kukifungua, hawakusema.

Naomba msiisome barua hii kwa jicho la huruma, wala msiipeleke katika ofisi ya misaada. Hili ni suala la sheria, na kwa upande wa sheria Kenya ina la kujivunia. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inaitaka dola iendeleze matumizi ya breli na njia nyingine za mawasiliano wanazoweza kuzifikia watu wenye ulemavu. Ibara ya 54 inampa mwenye ulemavu haki ya kupata nyenzo na vifaa vya kumwondolea vikwazo vitokanavyo na ulemavu wake. Ibara ya 40 nayo inaitaka dola ilinde haki za wabunifu, na sina ugomvi nayo. Mimi ni mwalimu wa fasihi. Bila waandishi sina kazi.

Kisha kuna Mkataba wa Marrakesh. Tarehe 27 Juni 2013, nchi wanachama wa Shirika la Miliki Ubunifu Duniani (WIPO) zilikubaliana huko Moroko kwamba kitabu kinaweza kugeuzwa breli, sauti au maandishi makubwa bila kumwomba ruhusa mwenye hakimiliki, ilimradi kinatengenezewa asiyeona, mwenye matatizo ya kusoma maandishi ya kawaida, au mtu ambaye mikono yake haiwezi kushika kitabu wala kufungua kurasa. Mvutano ulikuwa wa miaka mingi. (Stevie Wonder, mwanamuziki asiyeona wa Marekani, aliwasihi wajumbe mjini Geneva mwaka 2010 wayamalize. Walipoyamaliza, akaenda Marrakesh kuwaimbia. Naambiwa hata wale waliokuwa wakipinga walipiga makofi.) Mkataba ulianza kutumika tarehe 30 Septemba 2016. Kenya iliuridhia mwaka 2017, na mwaka 2019 Bunge likairekebisha Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ili uingie katika sheria zetu. Hayo mliyafanya ninyi na waliowatangulia, na nawashukuru.

Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 35, inamhesabu anayevunja kufuli la kidijitali kuwa amekiuka hakimiliki, na inakataza kutengeneza au kusambaza vifaa vya kulivunjia. Waliotunga Mkataba waliuona mtego huu mapema. Ndiyo maana ibara ya 7 ya Mkataba inazitaka nchi zihakikishe kwamba ulinzi wa makufuli hauwazuii wasioona kufaidi haki walizopewa. Na kwa mujibu wa ibara ya 2(6) ya Katiba yetu, mkataba ulioridhiwa na Kenya ni sehemu ya sheria ya Kenya. Ukimwuliza wakili atakwambia basi, neno limekwisha: asiyeona ana haki ya kulivunja kufuli.

Hapo ndipo ninapoachana na mawakili. Haki ya kuvunja kufuli inamfaa nani? Mwalimu wa darasa maalumu huko Kibos atalivunja kwa kutumia nini, na nani atamuuzia chombo ambacho kukisambaza ni kosa? Atajifunza lini, kati ya kusahihisha madaftari na kupiga breli kwa mashine ya Perkins ukurasa mmoja baada ya mwingine? Na akishafaulu, kampuni itabadilisha kufuli katika toleo lijalo la apu yake, naye ataanza upya. Wamarekani wamelijaribu hilo mbele yetu. Sheria yao ya 1998 iliharamisha kuvunja makufuli, kisha ikaacha upenyo: kila baada ya miaka mitatu watu wanaruhusiwa kwenda kuomba msamaha wa kutobanwa na marufuku hiyo kwa matumizi fulani. Wasioona waliupata kwa mara ya kwanza mwaka 2003, na tangu hapo imekuwa lazima ombi lirudi mezani kila awamu, lithibitishwe upya, kana kwamba watu huenda wakapata macho katikati. Mwaka 2010 ofisi ya hakimiliki ilipendekeza ombi hilo likataliwe, na ikabidi Mkuu wa Maktaba ya Bunge mwenyewe aamue vinginevyo. Huo si msingi wa kumjengea mtoto masomo yake.

Ndiyo maana siwaombi ruhusa ya kuvunja. Nawaomba msinunue kilichofungwa.

Mtasema wachapishaji watakataa. Huenda. Nitawakumbusha kisa ambacho kila msomaji asiyeona wa rika langu anakijua. Februari 2009, Amazon ilitoa toleo la pili la Kindle, kifaa chake cha kusomea vitabu vya kidijitali, na kifaa hicho kilikuwa na uwezo wa kusoma kitabu chochote kwa sauti. Kwetu ilikuwa habari kubwa: kwa mara ya kwanza kitabu cha duka la kawaida, kwa bei ya kawaida, siku hiyohiyo kinapotoka! Chama cha waandishi cha Marekani, Authors Guild, kikalalamika kwamba sauti ile ya mashine inaingilia soko la vitabu vya kusikiliza. Kabla mwezi haujaisha Amazon ikasalimu amri, ikamwachia kila mwenye haki aamue kama kitabu chake kisomwe kwa sauti au kinyamaze. Mwezi wa Aprili wasioona na fimbo zao wakaenda kuandamana nje ya ofisi za chama hicho mjini New York. Hawakuwa wakidai vitabu vya bure. Walikuwa wateja wenye pesa mkononi, na wenye duka waliwafungia mlango.

Mimi nimesikiliza sauti za mashine maisha yangu yote ya utu uzima. Ile ya Kiswahili inayokuja na NVDA, programu ya bure ya kusoma skrini iliyoanzishwa na kijana asiyeona wa Australia mwaka 2006, ni kavu kama mkate wa juzi. Hakuna mtu mwenye macho atakayeacha kununua usomaji wa mwigizaji hodari ili asikilize sauti ile. Hofu ya kwamba itaua soko la vitabu vya kusikiliza ilitoka kwa watu ambao hawajawahi kuisikiliza riwaya nzima kwa sauti hiyo.

Hadi hapa nimesema kana kwamba kufuli linatuhusu sisi tu. Waziri, linakuhusu wewe pia, kwa kuwa wewe ndiye mnunuzi. Tangu 2018 serikali imekuwa ikinunua vitabu vya kiada moja kwa moja kutoka kwa wachapishaji na kuvifikisha shuleni, lengo likiwa kitabu kimoja kwa kila mwanafunzi. Kitabu cha karatasi kilichonunuliwa mwaka huo, kama mchwa hawakukifikia, bado kipo katika kabati la shule, na mtoto wa leo anaweza kukifungua. Cha kidijitali chenye kufuli kinadumu kwa hisani ya kampuni. Julai 2009, miezi michache tu baada ya kisa nilichowasimulia, Amazon iliingia katika vifaa vya wateja wake na kufuta nakala za riwaya mbili za George Orwell walizokwisha kuzilipia, kwa sababu aliyeziuza hakuwa na haki nazo. Pesa zilirudishwa na mkuu wa kampuni akaomba radhi, lakini watu walikuwa wamekwisha kujua kwamba mkono wa muuzaji unafika hadi rafu ya nyumbani. Microsoft ilipofunga duka lake la vitabu mwaka 2019, vitabu vyote vilivyonunuliwa humo vilikoma kufunguka. Na mwaka 2011 HarperCollins ilizitangazia maktaba za Marekani kwamba kitabu cha kidijitali kikishaazimwa mara 26, leseni imekwisha, maktaba inunue tena. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali ataandika nini siku shule zetu zitakapoamka na kukuta vitabu vya muhula havifunguki kwa kuwa seva fulani ng'ambo imezimwa?

Sasa nije kwa wachapishaji. Nyinyi mna malalamiko, na mengi ni ya kweli. Vitabu vyenu hunakiliwa na kuuzwa vichochoroni vikiwa na wino unaotoka vidoleni. Tangu 2013 vitabu vimekuwa vikitozwa ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16, jambo ambalo Wizara ya Fedha inapaswa kulionea haya. Waandishi hupokea mirabaha kiduchu, wengine baada ya kuikumbushia mara kwa mara. Kwa fotokopi, angalau mmeunda chombo chenu, KOPIKEN, cha kuzitoza ada taasisi zinazonakili. Yote hayo nayatambua.

Lakini hebu tuambiane ukweli kuhusu kufuli lenu. Kila mwalimu wa sekondari yuko katika kundi la WhatsApp ambamo vitabu teule vya fasihi hupita vikiwa PDF, vimepigwa chapa upya na mtu asiyejulikana, makosa ya tahajia tele, na havina kufuli lolote. Programu yangu huvisoma vizuri kabisa. Nakala halali, niliyoilipia, hainisomei. Tazameni mlichokifanya: mmemwachia mwizi kitabu kilicho wazi na mnunuzi mkampa kilichofungwa. Wanafunzi wangu wasioona wanajua jambo hili mapema kabisa. Nami nasimama mbele yao kuwafundisha kwamba kazi ya mwandishi iheshimiwe, inunuliwe, isiibwe. Wananisikiliza kwa heshima, kwa kuwa ni watoto wenye adabu. Kisha mmoja anauliza: "Mwalimu, sasa hiyo ya kununua tutaisomaje?" Nawaachia nyinyi swali hilo mlijibu, kwa kuwa ni lenu.

Wenzenu wa muziki walipita njia hii zamani. Kwa miaka kadhaa nyimbo zilizouzwa mtandaoni zilikuwa na makufuli, na kampuni za kurekodi ziliapa kwamba bila hayo zingefilisika. Mwaka 2009 Apple ilitangaza kuyaondoa kwenye nyimbo za duka lake kwa makubaliano na kampuni hizohizo. Biashara ya muziki ina matatizo yake hadi leo, hasa mgawo wa msanii, ila sijasikia mtu akidai kwamba dawa ni kurudisha makufuli yale. Hata katika vitabu, Tor, wachapishaji wa hadithi za kisayansi wa Marekani, waliyaacha mwaka 2012 na bado wanachapisha. Anayetaka kumkamata mwizi kuna njia nyingine: jina la mnunuzi na namba ya risiti viandikwe ndani ya faili yenyewe, ili nakala ikionekana inazagaa ijulikane imetoka kwa nani. Mimi niko tayari jina langu liandikwe katika kila ukurasa wa kitabu changu. Litasomwa, nitalisikia, nitaendelea.

KICD, nguvu iko mikononi mwenu kuliko mnavyoitumia. Hakuna kitabu cha kiada kinachoingia darasani bila kupita kwenu na kutiwa katika orodha ya vitabu vilivyoidhinishwa. Mnapima maudhui, lugha, picha, hata uzito wa karatasi. Ongezeni sharti moja: mchapishaji akileta kitabu kukaguliwa, alete na faili ya EPUB, yaani muundo wa kitabu cha kidijitali ambao programu nyingi huweza kuusoma, isiyo na kufuli, vichwa vya sura vikiwa vimetambulishwa kama vichwa, majedwali yakiwa majedwali, na kila picha yenye maana ikiwa na maelezo yake kwa maneno. Hili la maelezo ya picha ni la kutiliwa mkazo. Kitabu cha jiografia au cha sayansi kinaweza kuwa wazi kabisa na bado kikaniambia "mchoro" mara mia bila kunieleza mchoro wa nini. Kazi hiyo ni rahisi kitabu kinapoandaliwa. Ni ngumu na ghali kitabu kikishatoka, tena anayeachiwa kuifanya huwa ni mwalimu. Mmekwisha kufanya majaribio ya vitabu vya kidijitali vinavyofikika pamoja na UNICEF, kwa hiyo siwaelezi jambo geni. Ninachoomba ni majaribio yaishe, yawe kanuni.

KECOBO, kwenu nina mawili. Kwanza, toeni mwongozo wa wazi unaosema kwamba shule, maktaba au chama cha wasioona kinachogeuza kitabu kwa ajili ya watu waliotajwa katika Mkataba hakivunji sheria, kufuli liwepo lisiwepo. Walimu wengi wanaogopa, na wanayo sababu: wanasikia habari za msako wa vitabu haramu, hawasikii habari za Mkataba. Pili, pale ambapo kitabu kinachohitajika kinapatikana kikiwa kimefungwa tu, mwiteni mchapishaji atoe faili iliyo wazi. Msimwagize mwalimu akatafute nyundo.

Na kuna jambo ambalo sijasikia likizungumzwa, nalo linagusa Kiswahili chenyewe. Mkataba wa Marrakesh unaruhusu kitabu kilichogeuzwa katika nchi moja mwanachama kipelekwe katika nchi nyingine bila kuomba ruhusa upya. Uganda ilijiunga mwaka 2018, Tanzania mwaka 2020. Maana yake ni kwamba riwaya ya Kiswahili ikishatengenezwa breli Thika, mtoto wa shule ya wasioona ya Buigiri kule Dodoma anaweza kuipata kihalali, na kazi iliyofanywa Dodoma ikaja kwetu. Lugha hii inasomwa nchi kadhaa, na bado kila nchi inarudia kupiga kitabu kilekile kwa mkono wake, au inakikosa. Umoja wa Wasioona Duniani hukadiria kwamba ni chini ya asilimia 10 tu ya vitabu vinavyochapishwa duniani vinavyofika katika umbo tunaloweza kulisoma, na katika nchi kama zetu hali ni mbaya zaidi. Mkitenga rafu moja ya pamoja ya vitabu vya Kiswahili vilivyo wazi, itunzwe na Maktaba ya Taifa na wenzao wa Tanzania na Uganda, mtakuwa mmefanya jambo ambalo hakuna kampuni ya ng'ambo itakayotufanyia, kwa sababu kwao Kiswahili hakina soko. Faili zikija na makufuli, rafu hiyo haitasimama. Kila mchapishaji ana kufuli lake, na hakuna kufuli lililotengenezwa kwa kusudi la kuvuka mpaka wa Namanga.

Najua bajeti ni finyu, na najua barua za wazi huwa nyingi. Hili halihitaji bajeti mpya. Pesa za vitabu zipo na hutoka kila mwaka. Ninachoomba kibadilike ni maneno machache katika zabuni ijayo: kitabu kisichosomeka na kila mwanafunzi hakinunuliwi.

Mtakapoona vyema kunijibu, naomba jibu lije kama maandishi ya kawaida. Nyaraka za serikali zina desturi ya kuchapwa, kutiwa sahihi na muhuri, kisha kupigwa picha na kutumwa zikiwa PDF, nazo zikinifikia simu husema neno lilelile: "Picha." Muhuri nitauamini bila kuuona.

Wenu katika kazi,

Mwalimu wa Kiswahili,
Mombasa